Uzi Juu ya Ufa

Frunze, 6 Oktoba 1983

Dada yangu Uulkan,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Japar, baba mkwe wako Mzee Mamasaly, na huyo bwana mdogo Bektur ambaye mpaka leo sijamwona hata pichani. Mimi nipo, nakula, nalala. Mafua ya mji huu yamenipenda kupita kiasi, lakini fulana ya sufu uliyonitumia imenisaidia, na ofisini kila mtu ananiuliza nimeinunua wapi. Nawaambia Paris.

Sasa sikia kichekesho. Unajua ofisi yetu inaandaa kamusi kubwa. Kila mmoja amegawiwa maneno yake, achimbe asili yake na maana zake zote, kisha aandike kwenye kadi. Mwenzangu wa meza ya kulia amepewa mbingu. Wa kushoto amepewa heshima. Mimi nimepewa jip. Uzi! Nimesoma chuo kikuu kwa ajili ya uzi. Nilicheka mpaka mkuu wetu, mama mmoja mkali anayening'iniza miwani shingoni, akaniuliza, "Unacheka nini, Sagyn? Umeshalimaliza?"

Kumbe haliishi. Wauzbeki wa sokoni Osh wanasema ip, Wakazaki wanasema jip kama sisi, Watatari jep, na kwenye maandishi ya kale kabisa ni yip. Ni neno lilelile moja, limehama na mifugo toka malisho hadi malisho, huku likidondosha herufi, kule likiokota nyingine. Kwa hiyo naomba msaada wako. Wewe unasokota kila siku, mimi naandika tu. Niambie huko kwenu jip ni ipi na ipi si jip, na watu wanasemaje.

Kadi ya ala jip nimeianza hivi: "Uzi uliosokotwa kwa sufu nyeusi na nyeupe pamoja. Maana ya kwanza: mpaka wa mali ya mtu, asiyevuka ala jip ya mwenzake ni mwaminifu. Maana ya pili: uzi anaofungwa mtoto miguuni anapoanza kutembea, watoto wakubwa hushindana mbio, mshindi huukata, na mtoto hatajikwaa tena maishani." Maana ya tatu nimeiacha wazi. Unaijua.

Nibusie Bektur.

Ndugu yako,
Sagyn


Chym-Jar, 2 Novemba 1983

Mdogo wangu Sagyn,

Barua yako imefika ikiwa imelowa upande mmoja, lakini inasomeka. Sisi wazima. Viazi tumeshachimba, jozi za msituni tumeokota magunia mawili, Japar bado yuko na trekta lake la shamba la serikali na anarudi nyumbani ananuka dizeli. Bektur anatambaa kwa kasi, ukigeuka yuko jikoni kwenye majivu. Meno manne. Analo pua la mama yetu, masikini.

Nilimsomea Mzee barua yako. Akaniuliza, "Ina maana serikali inamlipa mshahara huyo mdogo wako kwa kuhesabu nyuzi?" Nikamwambia ndiyo, Baba. Akasema, "Basi mwambie huku kwetu kuna mbuzi wa kuhesabu, aje apandishwe cheo."

Maneno yako haya hapa. Jip ni kitu cha kushonea na kufungia vifurushi, chembamba. Kikishakuwa kinene cha kufungia farasi, hicho ni arkan, si jip, na hakisokotwi kwa sufu hata kidogo, husokotwa kwa singa za farasi na manyoya ya mbuzi. Sufu ni kitu kilegevu, farasi akivuta mara mbili umepata kamba ndefu kuliko uliyoanza nayo. Mtu akikonda tunasema amebaki jip. Mtoto mtundu akitulia tunasema amefungwa jip. Andika hayo kwanza.

Sasa na mimi nina habari ya uzi. Juu ya nyumba zetu, pale juu ya zizi la zamani, ardhi imepasuka. Ufa wenyewe si mkubwa, unaweza kuuruka. Alikuja mtaalamu wa ardhi kutoka wilayani, kijana mwenye viatu vikubwa, akapiga vigingi viwili, kimoja upande huu wa ufa na kimoja upande wa pili, akafunga kati yao uzi wa kuvulia samaki. Akasema, "Uzi ukibaki umelegea, mlima umetulia. Ukikaza, mlima unatembea. Na nyinyi nyote wa kaya za juu mhame kabla ya theluji kuyeyuka." Tumepewa viwanja ng'ambo ya mto, pazuri tu, tambarare.

Mtaalamu hajafika barabarani, ndama wa jirani wameshaukata uzi wake. Tukaufunga tena, watoto wakajikwaa juu yake. Ndipo Mzee akasema, "Hapo itawekwa ala jip. Nani atavuka ala jip?" Na kweli, mtoto gani wa hapa atathubutu. Mimi nilikuwa nasokota ule wa miguu ya Bektur, nikausokota laini usije ukamchubua. Mzee akauomba nusu, akapanda nao mwenyewe, akaufunga kwenye vigingi. Akawaita watu wa kaya zote za juu, akawaambia mbele ya kila mtu, "Nitauangalia kila asubuhi. Ukikaza nitawaita. Mkiona nimekaa kimya, laleni." Unamjua alivyo. Hajawahi kuvuka uzi wa mtu, na akisema neno watu wanalala kweli.

Kuhama tutahama. Mzee anasema mpaka Bektur atembee. Anataka akatiwe uzi kwenye ua huu, alipokatiwa Japar, alipokatiwa yeye.

Vaa kofia.

Dada yako,
Uulkan


Frunze, 28 Novemba 1983

Dada yangu,

Salamu kwa wote. Bosi wangu alifurahi sana na "amebaki jip", akaniambia niandike kwa herufi nzuri. Hapa theluji imeanza, tramu zinapiga kelele. Nimepata chumba kingine cha watu wawili tu, mwenzangu ni fundi wa redio, hakoromi.

Dada, hilo la ufa limeniketi vibaya kifuani. Mtaalamu akisema hameni, hameni. Mtoto atatembea popote. Mweleze shemeji Japar awe mkali kidogo kwa baba yake. Mzee Mamasaly namheshimu, ila mlima haumheshimu mtu. Au mhamie kwa yule rafiki yako Batma, ng'ambo, wakati huu wa baridi tu?

Siku ya kukata uzi wa Bektur nitakuja. Nimeshamwambia mkuu wangu anipe ruhusa. Safari hii nakuja kweli.

Maana ya tatu bado iko wazi kwenye kadi. Mkuu ameniuliza, nikamjibu ninakusanya.

Sagyn


Chym-Jar, 9 Januari 1984

Mdogo wangu Sagyn,

Heri ya mwaka. Posta ya Özgön ilifungwa kwa theluji, barua yako nimeipata juzi na ya kwako ya mwaka mpya bado. Tumechinja kondoo, nyama ipo. Japar aliangukiwa na jeki mguuni, anachechemea, hana neno. Bektur ametimiza mwaka na hasimami. Ukimsimamisha anakunja miguu kama mtu aliyekatazwa. Mganga wa zahanati amempima, akasema mifupa ni mizima, mtoto ni mvivu tu.

Japar alimfuata baba yake, nami nilikuwepo namimina chai. Akasema, "Baba, tuhame sasa, tukate uzi huko ng'ambo."

Mzee akamuuliza, "Huko ng'ambo kuna nini?"

"Kuna ardhi isiyopasuka."

"Uzi umekaza?"

"Haujakaza, Baba."

"Basi unakimbia nini? Unataka watu waseme Mamasaly aliwaambia walale, kisha yeye mwenyewe akabeba magodoro?" Nisamehe, mkwe hataji jina la baba mkwe, lakini amelitamka mwenyewe na mimi nimelinakili tu. Japar akatoka nje. Akakata kuni mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna msiba.

Na kweli uzi haujakaza. Mzee anapanda kila asubuhi na fimbo yake, anaupiga kwa kidole, anarudi anasema, "Umelegea kama shavu langu." Watu wa kaya za juu wote wanamsikiliza. Mke wa jirani yetu alikuwa ameshafunga vyombo, akavifungua.

Habari nyingine ni ndogondogo. Mlango wa zizi umegoma kufungika, Japar ameuchonga kwa juu. Chemchemi yetu ya nyuma ya nyumba imepotea, sasa maji yanatokea chini zaidi, karibu na kwa jirani, na yana tope. Labda ni baridi.

Hiyo maana ya tatu usiniulize. Nina mtoto ndani ya nyumba.

Uulkan


Frunze, 20 Februari 1984

Dada yangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Habari za mguu wa shemeji zimenisikitisha. Mimi mzima.

Wiki iliyopita alikuja ofisini mzee mmoja wa Naryn, mkuu wetu alimwita atusomee kadi. Alipofika kwenye ala jip akaona pale patupu, akaanza kueleza kwa sauti mbele ya wote: mtu akifa, ncha moja ya uzi hufungwa kwa maiti na ncha nyingine kwa wale anaowaacha, kisha mjomba hukata katikati ili marehemu asiondoke na mwingine. Aliisema kama anavyosema mtu bei ya vitunguu. Nikatoka. Nilisimama kwenye ngazi mpaka wenzangu wakaniletea koti.

Bado naona mkono wa mjomba na kile kisu cha mpini mweupe, na uzi kwenye kifundo changu cha mkono na kwenye chako, na vidole vya mama. Walituambia tusigeuke nyuma. Mimi nadhani nilitii kupita kiasi. Ndiyo maana nikifikiria barabara ya kwenda huko, naomba kadi nyingine za kuandika. Basi, nimeandika, yameisha.

Kuhusu majira ya kuchipua, sina hakika ya ruhusa. Kazi ni nyingi. Tutaona.

Hilo la chemchemi kuhama sikulipenda.

Sagyn


Chym-Jar, 26 Machi 1984

Mdogo wangu Sagyn,

Tumesherehekea Nooruz, sikukuu ya kuchipua, tumekoroga uji wa ngano usiku kucha kama zamani, na sasa shika kitu usianguke: Bektur amesimama! Alishika ukingo wa sanduku la nguo, akasimama, akatutazama kama sisi ndio tulichelewa. Mzee alilia. Alitoka nje akasema moshi umemwingia machoni, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Siku imeshapangwa. Tutakata uzi mwisho wa Aprili, ua ukikauka watoto waweze kukimbia bila kuteleza. Kesho yake tunahama, Mzee amekubali kwa mdomo wake. Japar ameshapeleka mbao ng'ambo. Kwa hiyo tulia.

Mvua hainyamazi. Japar yuko mashamba ya chini kwa ajili ya kupanda, anarudi Jumamosi. Mlango wa zizi ameuchonga tena, na sasa wa chumba chetu nao unagoma. Jiko limepasuka ubavuni, nimelikandika udongo, likapasuka palepale. Sijui kwa nini nakuandikia habari za milango, wewe mtu wa vitabu.

Kichekesho cha mwisho. Kile kipande cha uzi cha Bektur alikitumbukiza kwenye majivu, nikakifua na kukianika kimenyooshwa na kijiwe. Asubuhi kimerefuka karibu nusu yake! Nikamwonyesha Mzee, nikamwambia, "Baba, mjukuu wako akikua kama uzi wake tutamtafutia mke wa kupanda ngazi." Alicheka mpaka akakohoa.

Hukusema kama unakuja. Nimeona hukusema.

Uulkan


Frunze, 2 Aprili 1984

Dada,

Nisamehe, leo sina salamu. Soma hii, kisha umsomee Mzee Mamasaly, kisha mwende.

Barua yako imefika asubuhi hii. Nilikuwa nakunywa chai, nikacheka kwenye hilo la mke wa kupanda ngazi, halafu kicheko kikanikauka. Kipande cha Bektur na kile cha kwenye ufa ni uzi mmoja. Uliusokota wewe, laini, wa sufu, siku moja. Kile cha nyumbani kimelowa mara moja tu kikarefuka nusu yake kwa kuvutwa na kijiwe. Cha mlimani kimenyeshewa toka Novemba, tena kinavutwa na mlima. Dada, uzi ule hautakaza kamwe. Mlima unaweza kutembea hatua nzima na Mzee akaupiga kwa kidole akaukuta umelegea kama shavu lake. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba farasi hafungwi kwa sufu. Mmefunga mlima kwa sufu.

Usiangalie uzi. Angalia mlango wa zizi, jiko, chemchemi. Hivyo ndivyo vimekuwa vikiwaita tangu Januari.

Hameni leo hii. Acheni sanduku, acheni mbao, mbebe mtoto. Uzi wa miguu mtamkatia popote, hata barabarani.

Nimetuma na telegramu. Karani ameniambia nguzo zimeanguka baada ya Özgön na itapelekwa na gari la barua. Nimempigia kelele, haikusaidia. Barabara ya mlimani nayo imefungwa, theluji imeporomoka juu yake. Ikifunguka nakuja.

Sagyn


Ng'ambo, kwa Batma, 4 Mei 1984

Mdogo wangu Sagyn,

Barua zako zote nimezipokea. Mimi mzima, Japar mzima, Bektur mzima. Kaya zote za juu wazima, watu wote, hata bibi kipofu wa kwa jirani. Nimeanza na hilo ili usiendelee kusoma huku umeshika ukuta. Telegramu kwamba tuko hai Japar alikutumia, sijui kama imefika. Sasa nikueleze mengine.

Gari la barua lilifika katikati ya Aprili, asubuhi, na telegramu yako na barua yako kwa pamoja. Nilimsomea Mzee uani, amekaa kwenye gogo anachonga mpini. Nilisoma mpaka mwisho. Akaomba nimletee kile kipande cha Bektur. Akakishika ncha mbili, akavuta polepole, akaachia, akavuta tena.

Akasema, "Kwa hiyo huyu kijana wa nyuzi amesema kweli."

Nikamwambia, "Twende, Baba. Tuchukue mtoto twende."

"Wewe chukua mtoto uende kwa Batma. Sasa hivi, usifunge kitu."

"Na wewe?"

"Mimi niliwaambia watu walale." Akasimama. "Nitawaambia nini? Kwamba binti yangu kapata telegramu? Watasema Mamasaly kazeeka anaogopa milango. Lazima nione kwa macho yangu, kisha niwaite kwa sauti yangu."

Akafungua arkan kwenye tandiko la farasi, ile ya singa, akaitupia begani. Nilimshika mkono wa koti. Mkwe hamshiki baba mkwe mkono wa koti, lakini nilimshika. Akautoa mkono wangu taratibu, akasema, "Nenda, mwanangu. Mtoto atapata baridi." Kile kipande akanirudishia.

Nilivuka mto na Bektur mgongoni. Kutoka kwa Batma mlima unaonekana wote. Nilimwona Mzee juu pale, mdogo, anafunga arkan kwenye vigingi. Kisha akakaa kando yake. Batma akaniambia, "Amekaa kama anayesubiri chai." Jua lilikuwa limetoka, siku ya kwanza bila mvua. Nilianza kuona aibu, nikafikiri tumemsumbua mzee wa watu bure kwa maneno ya Frunze.

Haijafika adhuhuri akasimama. Hatukusikia maneno, tulisikia sauti, ile sauti yake ya kuitia farasi. Mke wa jirani amenieleza baadaye kwamba alikuwa akiita kila nyumba kwa jina la mwenye nyumba, moja baada ya nyingine, "Tokeni! Imekaza! Tokeni!" Na kwa kuwa ni yeye aliyewaambia walale, walitoka. Hakuna aliyeuliza. Mmoja alitoka na unga mikononi, mwingine amembeba mama yake kwenye blanketi. Nikawaona wanashuka wote kuelekea darajani, na Mzee bado yuko juu.

Angeweza kushuka kwa upande wa pili, njia ipo, muda alikuwa nao. Batma nami tulipiga kelele, lakini mto ulikuwa unapiga kelele kuliko sisi. Alirudi kwenye kigingi. Alikuwa anafungua ala jip, ile nusu ya Bektur. Akaanza kuukunja kwenye kiganja, bila haraka, kama mtu anayekunja kitu alichoazima ili akirudishe. Kisha zizi likasogea. Sikusikia kwanza, niliona tu zizi linasogea na miti ya jozi imesimama wima juu yake, na baada ya hapo palikuwa na vumbi.

Nyumba yetu haipo. Chemchemi, ua, nyumba sita, havipo. Wamechimba kwa trekta la Japar mwenyewe na wamekoma, kwa sababu mlima bado unatambaa. Hawajampata. Karani wa wilaya alikuja kuandika, akaniuliza jina la marehemu, na mimi mkwe wake nikashindwa kulitamka, Batma akalitamka kwa niaba yangu.

Usijilaumu kwa telegramu. Najua utajilaumu, nimekulea. Bila hiyo telegramu tungekuwa mezani, sisi sote. Lakini na mimi niseme moja lililonikaa. Uliandika barabara imefungwa. Ndege ya Osh ipo kila siku, Sagyn. Hukusema kwa nini hukupanda, nami sikuhitaji kuambiwa.

Sasa kadi yako. Maana ya tatu andika hivyohivyo alivyoisema yule mzee wa Naryn, hakukosea. Ila ongeza kwamba maiti isipopatikana, kigingi hupigwa kwenye udongo uliomfunika na uzi ukafungwa hapo. Wazee wa hapa wamekaa wakakubaliana hivyo, maana Bektur ndiye aliyekuwa kipenzi chake, na wanaogopa kumwacha mtoto amefungwa naye. Kigingi kimeshapigwa. Kipande kilichobaki ni hiki kimoja, ninacho mfukoni ninapoandika. Ncha moja itakuwa kwenye kigingi, ncha nyingine mkononi mwa Bektur. Kitakachobaki upande wa mtoto baada ya kukatwa ndicho tutakachomfunga miguuni siku hiyohiyo, watoto wakimbie. Wazee walisema si desturi kutumia uzi mmoja kwa yote mawili. Nikawaambia Mzee alifia kuurudisha uzi huu, hautatupwa. Wakakubali.

Wanangoja. Japar anangoja. Mjomba ndiye anayekata, na mtoto huyu mjomba wake ni wewe tu. Kile kisu cha mpini mweupe kilikuwa kwa Batma, alikiazima toka vuli, nimekinoa.

Bektur ameanza kutembea jana, peke yake, toka mlangoni mpaka kwenye ndoo. Anatembea bado amefungwa. Kila akianguka mimi natazama mlimani.

Njoo.

Dada yako,
Uulkan